Pete Nyeupe Ubongoni: Kumbukumbu za Msomaji wa Picha

Vifuko vya tegu wa nguruwe vikikaa ubongoni huleta kifafa cha ukubwani, maumivu makali ya kichwa, pengine na kupooza upande mmoja. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, mzaliwa wa Mpepai wilayani Mbinga aliyeishi kwa kazi ya kusoma picha za ubongo, aliwajua tangu utotoni nguruwe wanaozurura baada ya mavuno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliripoti vifuko hivyo kwa nguruwe wa Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga.

Kifuko kilicho hai huonekana cheusi kama maji, na ndani yake nukta moja: kichwa cha mnyoo. Nukta hiyo ikionekana, ubishi umekwisha. Taabu huanza mnyoo anapokufa. Ubongo huvimba kuzunguka kifuko, na mgonjwa akichomwa dawa ya kontrasti, CT-Scan hutoa pete nyeupe. Pete kama hiyo huletwa pia na kifua kikuu cha ubongo, jipu, saratani iliyosambaa, na toksoplazma kwa mwenye VVU. Madaktari wa Vellore, India, walionyesha kuwa pete moja isiyozidi milimita 20, isiyousukuma ubongo upande, yaelekea zaidi kuwa kifuko kuliko kifua kikuu. Mwandishi alikitumia kipimo hicho, lakini hakusaini ripoti kabla ya kuuliza majibu ya VVU na picha ya kifua.

Mwishowe kifuko hugeuka punje ya chokaa, ambayo MRI huweza kuikosa na CT-Scan huionyesha wazi. Hata hapo tahadhari inahitajika, kwani tezi ya pineali nayo hupata chokaa bila ugonjwa wowote.

Fomu nyingi za kuomba picha zilifika zikiwa na neno moja tu, "kifafa". Mwandishi alipiga simu wodini: kilianza akiwa na umri gani? Kuna mtu nyumbani anayetoa pingili za minyoo? Lililomuuma zaidi ni kuona uwezekano wa tegu ukifutwa kwa sababu mgonjwa hali nyama ya nguruwe. Nyama isiyoiva huleta mnyoo wa tumboni. Vifuko vya ubongoni hutokana na mayai yaliyomo katika kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huyo, yakifika kinywani kwa mikono, maji au mboga. Asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuyameza.

Ripoti zake zilitaja kama kila kifuko kiko hai, kinakufa au kimekuwa chokaa, na ubongo umevimba kiasi gani, kwa kuwa matibabu hutegemea hayo. Ubongo uliojaa vifuko na kuvimba hutulizwa kwanza. Albendazo, dawa ya kuua minyoo, ikitangulia, uvimbe huongezeka na mgonjwa anaweza kufa.