Maji ya Dumu na Maji ya Bahari

Ndugu msomaji, kila mwaka twawasomesha watoto Surat Rahman, na kila tufikapo penye neno marijani, ambalo limetajwa humo mara mbili, huwaambia kuwa ni kitu cha thamani kitokacho baharini, kisha twaendelea mbele. Hatukuwahi kujiuliza chaishi vipi. Sisi watu wa Mombasa twakijua zaidi kikiwa kimekwisha kufa: ndiyo yale matumbawe yaliyojengewa nyumba za wazee wetu, na ndiyo yaliyochomwa ikapatikana chokaa. Khabari tutakayoisimulia hapa ndiyo iliyotufunza kuwa marijani ni kiumbe hai, na funzo lenyewe tulilipata kwa kuaibika.

Tulikwenda Maskati kumzuru dada yetu. Mwanawe afuga marijani sebuleni katika tangi la kioo la lita 200. Vipande vyake alivinunua kwa wafugaji wanaovikuza wenyewe, hakuving'oa baharini. Alipoazimia kwenda Umra na mamaye kwa siku kumi, alitukabidhi tangi lile, akasema: "Mjomba, kila siku maji hupungua kama lita mbili. Tafadhali ongeza maji ya dumu mpaka yafike kwenye alama. Na asubuhi utie kifuniko kimoja cha dawa hii, usizidishe." Tukamjibu: "Inshallah, mwanangu. Amana yako imepokewa."

Walipokwisha ondoka tuliyaonja maji ya dumu, tukayakuta ni matamu, hayana chumvi hata chembe. Tukasema moyoni: kijana huyu amekosea. Kiumbe cha bahari hutiliwaje maji matamu? Sisi tuliozaliwa pwani, tuna haja gani ya kufundishwa bahari? Basi ikawa kila baada ya swala ya Alfajiri twachukua ndoo, twateka maji ufukoni, twatia lita mbili tangini. Tukajiona tumefanya wema kupita tulioagizwa.

Kumbe maji yanapogeuka mvuke hayaondoki na chumvi. Chumvi yote hubaki nyuma. Kinachopungua ni maji matupu, na cha kurejeza ni maji matupu. Maji ya bahari huwa na kadiri ya gramu 35 za chumvi katika kila lita, na ya pwani ya Oman yazidi kidogo. Kila siku tulitia zaidi ya gramu 70, na kwa siku kumi zaidi ya gramu 700. Zigawe kwa lita 200, msomaji, utaona kuwa maji yaliyokuwa na gramu 35 kwa lita yalikaribia 39.

Siku ya saba marijani zikajifunga. Vikono vyao vidogo, vilivyokuwa vikipepea kama maua, vikaingia ndani visitoke. Badala ya kusita tukatafakari, tukadhani kuwa zina njaa, tukaongeza ile dawa: vifuniko viwili, na kesho yake vitatu. Pale tulipoimwaga maji yakawa meupe kama yaliyotiwa unga.

Dawa ile ilikuwa ni alkali. Marijani hujenga mifupa yake kwa kalsiamu na alkali zilizomo majini. Kalsiamu katika bahari ni kama miligramu 420 kwa lita, na alkali ni kama digrii 7 kwa kipimo cha Kijerumani; wafugaji huiweka baina ya 7 na 11. Vitu hivi viwili hukaa pamoja vikiwa vimeyeyuka maadamu havikupita kiasi. Kimoja kikizidi mno, huungana vikawa chembe za chokaa, vikaanguka chini, na marijani isivipate. Magnesiamu ya kutosha, kama miligramu 1300, huzuia jambo hilo, lakini hata hiyo ina mpaka wake. Sisi tulimzidishia dawa mgonjwa ambaye hatukumpima.

Wenyeji wakarudi. Mpwa wetu akatuamkia, akaenda moja kwa moja penye tangi. Marijani moja ya matawi ilikuwa yachunika nyama, mfupa mweupe waonekana. Hakusema neno. Alichukua kipimo cha chumvi, akasoma 39. Akakijaribu kwanza kipimo chenyewe kwa maji maalumu yenye chumvi 35 kamili, asije akahukumu kwa mizani mbovu. Akakiona ni sahihi. Akapima alkali, akakuta digrii 12.

"Mjomba," akasema, "lau maji yangekuwa yamepungua ningelifahamu. Lakini yako kwenye alama. Chumvi hii imetoka wapi?"

Tukanyamaza. Twakiri mbele yenu, wasomaji: mwalimu ambaye amewausia watoto kusema kweli kwa miaka mingi, alinyamaza. Tukamsikia akimwambia mamaye kuwa pengine chumvi yake ya paketi ina kasoro, na kwamba usiku ule ule atamwaga nusu ya maji na kutia mapya. Baada ya swala ya Isha tukamwona aandaa mpira wa kunyonyea maji, na moyo haukustahimili. Tukamweleza yote: ndoo, ufuko, vifuniko vitatu.

Aliuweka mpira chini. "Alhamdulillahi umeniambia, Mjomba. Kosa la maji lina tiba. Lau ungenyamaza, ningezigeuzia maji kwa ghafula nikaziua zilizobaki."

Akatueleza kuwa marijani za Bahari ya Sham zaishi katika chumvi ya 40 hivi. Basi hesabu pekee siyo sumu, bali ghafula ndiyo sumu. Kila siku akatoa lita 5 za tangi na kutia lita 5 za dumu, chumvi ikashuka kwa gramu moja. Kwa siku nne ikakaribia 35. Dawa akaisimamisha mpaka alkali iliporudi digrii 8. Kila jioni yeye alipima na sisi tukaandika daftarini. Baada ya wiki mbili vikono vikaanza kutoka. Ile ya matawi haikupona. Mfupa wake uko dirishani kwa dada yetu, na kila tuendapo twauona.

Enyi vijana, na enyi wazazi, anayetaka kurekebisha jambo lililoharibika nyumbani, na aanze kwa kupima, si kwa kutia dawa. Na akijaribu kipimo chake kabla ya kukiamini, aulize ni nini kilichobadilika, arekebishe jambo moja baada ya jingine, polepole. Na aliyeharibu aseme, kwani tabibu haponyi ugonjwa ambao sababu yake imefichwa.

Tuliporudi madrasa tuliwasomesha watoto Surat Rahman tena. Safari hii tuliwaonyesha kuwa katika sura ile mizani imetajwa kabla ya marijani, kisha tukawasimulia khabari ya ndoo. Walicheka sana, nasi tukacheka nao. Mwenyezi Mungu atuwafikishe kulinda amana, na atupe ulimi wa kukiri kabla hakujachelewa. Amin.