Likoni: Tuliza kamera, feri itakuja yenyewe

Ukishuka feri upande wa Likoni wakati wa alasiri, macho hayajui yatue wapi. Umati wa watu, mikokoteni, wauza mihogo na makondakta wanaoita abiria wa Ukunda. Hapo ndipo mpiga video asiye na uzoefu hukosea, maana hutaka kunasa kila kitu kwa mara moja.

Nayajua hayo. Miaka kadhaa iliyopita nilimrekodi nyanya yetu kule Kisauni akisimulia alivyoolewa. Kamera niliizungusha ovyo: mara uso, mara mnazi, mara kuku. Upepo nao ukaimeza sauti yake. Nyanya sasa ni marehemu, na katika rekodi ile hatuna hata dakika moja inayotazamika.

Basi mdogo wake, akaaye Likoni, alipokubali kutusimulia siku ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipopinduka Mtongwe na zaidi ya watu 270 wakafa maji, niliapa sitarudia kosa. Nilimchukua mpwa wangu mwanafunzi tukafanye mazoezi kwanza. Tuliomba ruhusa, tukasimama kando ya barabara.

"Mjomba, mbona feri yako inaruka kama mbuzi?" akaniuliza akitazama kioo cha kamera.

Alisema kweli. Kamera ya DSLR ni nzito mbele, na mkono mtupu hutetemeka. Tukabana viwiko mbavuni, tukavuta mkanda wa shingoni ukakaza, tukahesabu hadi kumi bila kusogea. Watu wakapita wenyewe mbele ya lenzi. Kumbe mahali penye pilkapilka, kamera ndiyo itulie!

Jua la pwani ni kali. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, weka kasi ya shata 1/50. Ukiipandisha mno, watu huonekana kama wanashtukashtuka. Mwangaza ukizidi, punguza ISO, bana tundu la lenzi, au tumia kichujio cha kupunguza mwanga. Fokasi nayo iweke kwa mkono, kwenye jicho la msemaji.

Tulipofika kwa nyanya tulimketisha kivulini, kamera juu ya miguu mitatu. Simu ya kunasa sauti tuliilaza karibu naye, mbali na upepo. Mpwa akapiga kofi moja mwanzoni, ili baadaye sauti na picha zioanishwe.

Nyanya alipofika kwenye habari za Mtongwe, alinyamaza. Mpwa akanyoosha kidole azime. Nikamshika mkono. Baada ya muda mrefu, nyanya akaendelea.

Kimya kile kimo katika rekodi, na uso wake umetulia, waonekana vizuri.

Msomaji, kama nyumbani kuna mzee mwenye kisa, usingoje. Nenda feri Jumamosi ukajifunze kutulia, Jumapili umtembelee.