Usiuze ng'ombe kwanza (sehemu ya 4)

Mama mmoja wa Ngara kaniuliza: auze ng'ombe ampeleke kijana Mwanza kupigwa picha ya ubongo? Kijana anaamini jirani anamtilia sumu kwenye chakula.

Mama, subiri. Kweli, mwaka 1976 madaktari wa London waliwapima wagonjwa wa skizofrenia, wakakuta nafasi za maji ndani ya ubongo zimepanuka. Kwa hiyo si malezi yako, jamani, wala si jirani. Ila tofauti hiyo huonekana ukilinganisha makundi. Picha ya mtu mmoja haitoi jibu. Daktari huutambua kwa dalili na maelezo yenu. Picha ataiagiza akihisi tatizo lingine, mfano kijana aliumia kichwa au ana kifafa.

Anzeni hospitali ya wilaya, Ngara au Biharamulo. Hela itunzeni, nauli za kliniki zitakuwa nyingi.