Shimo lina mwenyewe

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya mashimo. Sisemi yale makubwa ya kampuni, yenye uzio na walinzi. Nasema yale yetu sisi wenyewe: la choo, la kisima, la msingi wa nyumba, la udongo wa matofali, na lile ambalo mtu alichimba akitafuta madini, akakosa, akaenda zake.

Mji wetu unajengwa kila upande. Tangu Lualaba iwe jimbo mwaka 2015 na Kolwezi kuwa makao yake makuu, watu wamekuja wengi, na kila mtu anatafuta lupango. Wakati wa kipwa tunafyatua matofali. Udongo tunauchimba papo hapo, tunachoma, tunajenga. Nyumba inasimama, tunafurahi, na shimo linabaki nyuma ya jiko. Mvua zikianza, linajaa. Maji yale mekundu hayaonyeshi kina chake. Mtu mzima anaona uchafu, lakini mtoto wa miaka minne anaona mahali pa kucheza.

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, wa darasa la kwanza na la pili. Mwaka mmoja, mwezi wa kumi na moja, benchi moja darasani mwangu lilibaki wazi kwa sababu ya shimo la namna hiyo. Lilikuwa shimo la choo, kwenye lupango ambako nyumba ilikuwa bado haijaisha. Fedha za mwenyewe zilikwisha, mafundi wakaondoka, na shimo likabaki wazi tangu kipwa. Mtoto alifuata mpira. Mama yake alikuwa akifua nguo hapo jirani na hakusikia kitu. Mtoto anayezama hapigi kelele kama tunavyofikiri. Maji yanaziba kinywa, anakwenda kimya, na dakika chache zinatosha.

Kilioni nilisikia maneno mawili. Wengine walisema mama hakuangalia mtoto. Wengine walinong'ona kwamba kuna mtu amemtoa mtoto ili atajirike. Hakuna aliyesema: shimo hili tumepita kando yake miezi mitano, asubuhi na jioni, na ubao mmoja haukuwekwa juu yake. Maneno ya uchawi yanatupumzisha, kwa sababu yakishasemwa hakuna tena mwenye kazi ya kufunika shimo.

Sisi wa Kolwezi tunajua vizuri kuliko wengine kwamba shimo linaweza kuingia mpaka ndani ya nyumba. Kasulo, mwaka 2014, ilipojulikana kwamba kobalti iko chini ya malupango, watu walichimba uani, wengine chini ya sakafu ya chumba. Mwaka 2017 sehemu ya kartie ile ilizungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Wanasayansi waliopima wakaaji wa Kasulo walitoa matokeo yao mwaka 2018: kobalti katika damu na mkojo wao ilikuwa nyingi kuliko ya watu wa kartie ya jirani, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Kwa hiyo hatari haiko katika kuanguka tu. Vumbi la mfuko wa mawe uliowekwa kwenye chumba wanacholala watoto, nalo linaingia mwilini mwao.

Udongo nao tusiuzoee. Tarehe 27 Juni 2019, kwenye mgodi wa KOV, ardhi iliporomoka na wachimbaji zaidi ya 40 wakafa. Walikuwa watu wazima, wenye kujua kazi. Udongo wa mita moja kwa mita moja, kina mita moja, unapita kilo 1,000, na ukilowa unaongezeka. Aliyefunikwa mpaka kifuani anaweza kukosa pumzi hata kama kichwa kiko nje. Basi mtoto anayejichimbia pango kwenye lundo la mchanga wa ujenzi hachezi mchezo mdogo.

Darasani nawafundisha watoto maneno matatu tu, kwa sababu mengi hawayashiki. La kwanza: palipochimbwa, hatukaribii ukingo. La pili: mpira ukiingia, mpira umekwenda, tutashona mwingine. La tatu ndilo kubwa: mwenzako akianguka, usimfuate, piga kelele na kimbia uite mtu mzima. Hili la tatu hata sisi wakubwa tulishike. Katika kisima au shimo la zamani hewa inaweza kuwa mbaya bila harufu yoyote. Anashuka wa kwanza, anazimia. Anashuka ndugu yake kumtoa, naye hapandi. Mtupie kamba au mti mrefu, ita watu, wewe baki juu.

Lakini mtoto wa miaka mitano anasahau. Ndivyo alivyoumbwa, na fimbo haitabadili hilo. Kwa hiyo kazi kubwa ni ya mwenye shimo. Shimo lifunikwe siku ile ile lilipochimbwa, kila jioni fundi anapoondoka, kwa mbao nzito au malata yaliyokandamizwa na mawe. Shimo la udongo lijazwe kabla ya kuhamia katika nyumba. Kisima kiwe na ukuta unaopita kifua cha mtoto, na kifuniko. Misumari iokotwe, ngazi ilazwe chini, chokaa isiachwe wazi. Ikimwingia mtoto machoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha mkimbize hospitali. Na kamyo inayoleta mchanga ikirudi nyuma, mtu mmoja asimame akiangalia watoto, kwa sababu dereva hawaoni.

Kuna jambo gumu zaidi, nalo nalisema kwa heshima. Najua ziko nyumba ambamo bukari ya jioni inatoka kwenye mawe ambayo mtoto ameyaokota na kuyaosha. Simhukumu mama huyo. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za namna hiyo, na tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, lakini sheria haipiki. Ninachoomba ni hiki: kabla ya kumtoa mtoto shuleni, mwambie mama mwenzako katika kikundi. Likelemba yetu inaweza kumpa zamu yake mapema mama aliyekwama. Tumekwisha kufanya hivyo kwa kilio na kwa kuzaa. Tunaweza kufanya hivyo kwa mtoto anayetaka kubaki darasani.

Jumamosi hii, baada ya salongo, tutembee avenyu yetu yote pamoja na chefu wa avenyu. Tuhesabu mashimo yaliyo wazi, tuandike la nani, tubishe hodi kwa mwenyewe. Tusiende kugombana. Tumuulize tu: baba, au mama, utalifunika lini? Asiye na mbao, kikundi kimsaidie. Mwenye lupango akiwa mbali, tulifunike sisi, kisha tumtumie habari. Mjane wa jirani asiye na mtu wa kumsaidia, vijana wetu wamjazie shimo lake.

Nitakuja na daftari na kalamu. Kila mama aje na ubao mmoja, hata wa zamani. Mvua haziko mbali.