Panya, taa na namba 214

Wadau, Jumamosi nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, dukani kwa mama mdogo anakouza vitenge. Mteja akatoa noti ya elfu kumi, msimbazi mwenyewe. Mama mdogo akaipitisha kwenye ile taa ya zambarau ya kukagua noti feki, alama zikang'aa, akaitia kwenye droo.

"Taa kama hii ndiyo iliyonihesabu mimi," akasema, akacheka. Mimi sikucheka. Ameniruhusu niandike, mradi nisitaje jina lake.

Mwaka 2007 alipima akakutwa na VVU. ARV za bure zilikuwa zimeanza kutolewa nchini tangu 2004, lakini kama huna dalili kubwa ilibidi CD4 zako ziwe chini ya 200. Majibu yake yalisema 214. Akaambiwa arudi baada ya miezi sita. "Mwanangu, nilitamani zishuke," anasema. Hebu fikiria, mtu anatamani kuumwa zaidi ili atibiwe!

Zilihesabiwaje? CD4 ni seli nyeupe zinazoongoza jeshi la mwili, ila kwenye hadubini zinafanana na wenzao. Lazima ziwekewe alama. Alama yenyewe ni kingamwili, protini inayonasa kitu kimoja tu, kama ufunguo na kufuli lake. Na asili yake ni panya: mwaka 1975 kule Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli za wengu wa panya na seli za saratani, wakapata kiwanda cha kingamwili kisichokoma. Wakapewa Nobel mwaka 1984. Kingamwili hiyo hufungwa rangi inayong'aa, damu ikachanganywa nayo, kisha seli zikapita moja moja mbele ya mwanga wa leza. Inayong'aa inahesabiwa.

Kwa mbinu hiyo hiyo watafiti husaka saitokini, yaani ujumbe unaowasha homa na uvimbe, ndani ya seli za panya. Kwanza huizuia seli isiutoe ujumbe nje, halafu huitoboa kidogo ili kingamwili iingie.

Kwa hiyo mashine haikumdanganya mama mdogo. Lakini CD4 za mtu yule yule hupanda na kushuka, hata kati ya asubuhi na jioni. 214 na 198 zinaweza kuwa mtu mmoja, siku moja. Mstari wa 200 haukuchorwa na leza wala panya. Ulichorwa na watu mezani, wakati dawa zilikuwa chache.

Miezi minne baadaye alishikwa na kifua kikuu. Akalazwa, akaanzishiwa dawa zote mbili, akapona kifua, na ARV anameza mpaka leo. Mstari nao ukahama: Shirika la Afya Duniani likasema 350 mwaka 2010, 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 likasema kila anayekutwa na VVU atibiwe. Tanzania ikafuata 2016. Siku hizi CD4 hupimwa kujua kinga imeshuka kiasi gani, siyo kukunyima dawa.

Nilipomweleza hayo yote, akauliza, "Sasa wale waliokuwa na 201?"

Sikuwa na jibu, wadau. Kwa leo naishia hapo. Kama hujapima, kapime.