Vyura wa Njiru, Mbayuwayu wa Ruai

Mvua ya kwanza ya masika ilishuka mtaani kwetu Jericho, Nairobi, usiku wa Alhamisi, wiki ya mwisho ya Machi, na kabla haijakatika vizuri vyura walikuwa wameshaanza. Nyuma ya nyumba yetu kuna mtaro uliojaa chupa za plastiki na soli za viatu, na sijapata kujua Januari yote hao jamaa hujificha wapi. Mpwa wangu wa miaka 11, aliyekuja kulala kwetu, alikaa kitandani akisikiliza.

"Anko, wanalilia nini?"

"Wanaume hao. Wanaita wake."

Alicheka mpaka mama yangu akagonga ukuta. Kisha akanitolea kitabu chake cha Kiingereza, ukurasa wenye picha ya bwawa, maua ya manjano na bata wenye vifaranga: majira ya kuchipua huko Uingereza. Alitaka kujua sisi yetu yako wapi. Nami nilisoma kitabu kama hicho miaka ya themanini na sikujibiwa, kwa hiyo Jumamosi nikamwambia avae gambuti.

Tulishika Rabai Road kwa miguu hadi Mutindwa, tukiruka madimbwi, tukapata matatu ya Ruai yenye muziki wa kutikisa meno. Kando ya Kangundo Road pakikauka ni vumbi, pakinyeshewa ni uji. Udongo wa upande huu ni ule mweusi unaonata. Hatua tano tu na kiatu kimekuwa na uzito wa tofali. Lakini udongo huohuo hauachi maji yazame upesi, na ndiyo maana kila shimo la Eastlands hugeuka bwawa ndani ya usiku mmoja.

Njiru tulishuka. Hapa ndipo yanapochimbwa mawe ya kujengea, na machimbo yaliyoachwa yamebaki na kuta wima na maji ya kijivu chini. Nilimshika kijana mkono, maana mashimo haya yana kina na watoto wamekufa humo. Hatukukaribia ukingo. Tulichuchumaa kando ya dimbwi la tairi za lori, lenye kina cha kifundo cha mguu, na humo ndimo mlimokuwa na mambo.

Mayai ya chura yalikuwa yametandazwa kwenye majani kama shanga nyeusi zilizotungwa kwenye uzi wa makamasi. Viluwiluwi wa mbu walining'inia kichwa chini, mkia juu ukivuta hewa, na kivuli chetu kilipowaangukia wote walijipinda wakazama. Kijana alirudia kuwatisha mara kumi hivi, nami sikumzuia.

Aliyetushangaza ni kerengende. Alikuwa wa rangi ya dhahabu, anachovya ncha ya mkia majini, anaruka, anachovya tena: anataga. Mwingine alikuwa anafanya hivyohivyo juu ya boneti ya lori lililoegeshwa. Rangi ikimetameta, kerengende huiona kama maji. "Anko, mayai yake yatakaangwa," kijana akasema, na alisema kweli.

Huyu wa dhahabu si mnyonge. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldives, aliandika kwamba makundi ya kerengende huyu yanavuka Bahari ya Hindi kutoka India kuja Afrika Mashariki yakisukumwa na pepo, kama walivyofanya manahodha wa majahazi. Anafuata mvua kwa sababu watoto wake hukua upesi kwenye madimbwi yasiyodumu. Yaani dimbwi la tairi Njiru lina maana kwa mdudu aliyetoka ng'ambo ya bahari. Diwani wetu hana habari nalo.

Ruai tulifika saa nne. Mabwawa ya maji taka ya jiji yako huko, kilomita 30 hivi mashariki ya katikati ya mji, na haya yanahitaji kibali; nilikuwa nimekiomba mapema. Soja wa langoni alitazama karatasi, akatazama gambuti za mtoto.

"Mzee, mmekuja kuangalia choo?"

"Ndege, soja wangu."

"Haya. Ila msisogelee matete. Kuna kiboko." Kiboko hatukumwona, lakini hatukusogelea matete.

Harufu ipo, sitadanganya. Baada ya dakika kumi pua inasamehe. Maji machafu hutulia kwanza kwenye mabwawa yenye kina, uchafu ukazama. Kisha huingia mabwawa ya kina kifupi ambako mwani wa kijani huzalisha hewa kwa jua, na bakteria wakamaliza kazi. Matopeni huzaliwa vijidudu wekundu kwa mamilioni. Hicho ndicho chakula kilichowaita wageni.

Na wageni walikuwa wanafunga safari. Bata wenye mdomo mpana kama mwiko walielea kwa mamia. Madume yao yalikuwa yamevaa kichwa cha kijani, kifua cheupe na ubavu wa rangi ya kutu, nguo za harusi itakayofanyika Urusi. Vitwitwi walikimbia ukingoni wakidonoa pasipo kupumzika. Juu ya waya wa umeme walijipanga mbayuwayu wenye koo jekundu, kila mmoja gramu 20 hivi, uzito wa vijiko vichache vya sukari. Wanakula mbu wetu hadi wanenepe, kisha wanavuka jangwa la Sahara au Arabia kwenda kuatamia kwao.

Nilimwonyesha kijana ukurasa wake. Yale majira ya kitabuni, nikamwambia, yanapakiwa hapa, Ruai, kwa maji ya vyoo vya mitaa ya Umoja na Buruburu. Alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo sisi ndio stendi?"

Wenyeji hawakujali msafara huo. Kwarara weupe wenye kichwa cheusi walitembea kwa adabu ya wazee wa kanisa, na bata bukini walifukuzana kwa makelele. Kwera wa manjano alikuwa ameanza kusuka kiota kwenye mti uliokuwa mtupu majuma mawili kabla. Wao, mvua ndiyo harusi yao.

Mbayuwayu wengi huwa wameondoka kufikia mwisho wa Aprili. Ukitaka kuwawahi, omba kibali mapema, beba kitambulisho na maji ya kunywa, na usiende na viatu vyeupe. Kama huna mwenzi wa safari, shirika la Nature Kenya huwa na matembezi ya ndege Jumatano asubuhi, yakianzia Makumbusho ya Taifa. Vyura hawahitaji kibali: fungua tu dirisha usiku mvua ikikatika.