Kaseti Kati ya Mbeya na Iringa

Mtu akiniambia anapenda muziki, huwa namuuliza swali moja tu: nani alikusikilizisha wa kwanza? Mara nyingi jibu ni mzazi. Siyo kwamba mzazi huyo alikaa chini akafundisha. Aliwasha redio yake, na mtoto alikuwepo ndani ya nyumba, basi.

Nyumbani kwetu Mbeya redio ilikuwa moja. Baba, mwalimu, Mhehe, alikuwa mtu wa dansi. Siku zile nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, na bendi zilirekodi nyimbo zao Radio Tanzania Dar es Salaam. Ukiutaka wimbo unausubiri upigwe, unabonyeza kitufe cha kurekodi, halafu unaomba Mungu mtangazaji asiongee katikati. Baba alikuwa na boksi la viatu lililojaa kaseti za namna hiyo. Historia ya nchi alitusimulia kwa majina ya bendi. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipoitwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz. Kikaitwa OTTU, ikafuata. Leo ni Msondo Ngoma. Na kifo cha Mbaraka Mwinshehe, Januari 1979, alikizungumzia kama msiba wa ndugu yake.

Mama, Mnyakyusa wa Rungwe, alikuwa mtu wa kwaya. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na katika kanisa alilokulia kuliimbwa kwa sauti nne, tarumbeta zikisindikiza. Yeye aliimba alto. "Sauti ya kwanza kila mtu anaisikia," alikuwa akituambia huku anapepeta mchele. "Itafute iliyo chini yake." Dansi aliliita muziki wa baa. Baba naye alisema kwaya inamletea usingizi.

Waliachana nikiwa darasa la tatu. Baba akarudi Iringa, sisi tukabaki na mama. Kila likizo tulipanda basi: Uyole, Chimala, Makambako, Mafinga, mpaka baridi ya Iringa. Wazazi wangu hawakuandikiana wala kutumiana salamu. Lakini siku ya kurudi baba alinipa kaseti, akisema, "Mpelekee dada yako." Dada hakuwa na habari na dansi, na baba alijua hivyo.

Mama aliipokea, akaiweka kabatini. Likizo iliyofuata alinirudishia niipeleke, na upande wa pili ulikuwa na kwaya. Tukaendelea hivyo miaka kadhaa: upande wa kwanza magitaa, upande wa pili kanisa. Kama walikuwa wanazungumza, au ni ubanifu tu kwa sababu kaseti zilikuwa ghali, mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba baba hakufuta hata kaseti moja.

Masikio yangu yalitengenezwa hapo. Kwa mama nilijifunza kutafuta sauti ya chini, na nilipousikiliza tena muziki wa baba nikagundua kwamba chini ya gita la solo kuna gita la pili linalofanya kazi kimya kimya, na chini yake besi. Kwa baba nilijifunza kufuata kisa. Marijani Rajab alikuwa anasimulia. Ukikosa ubeti mmoja umepotea njia. Ndiyo maana rap ya Kiswahili ilipotuingia miaka ya tisini haikunipa shida. Nilimpelekea baba kaseti ya Mr. II, yule Sugu aliyekuja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010. Alisikiliza hadi mwisho, kikombe cha ulanzi mkononi, akasema, "Kuimba haimbi. Lakini kisa anacho."

Baba alipofariki, mama alikuja Iringa kuzika. Hakulia mbele za watu. Baada ya tanga aliniuliza lile boksi liko wapi. Akachagua kaseti moja, akaifunga kwenye kitenge, akaondoka nayo Mbeya, nyumbani ambako hakuna tena mashine ya kuichezea.

Sasa nina binti wa miaka kumi na minne. Ana nyimbo nyingi kwenye simu kuliko zote zilizowahi kupita kwenye boksi lile, na anazisikiliza peke yake, masikio yameziba. Simlaumu. Sisi hatukuwa wema zaidi; redio ilikuwa moja tu, na uhaba ule ulitulazimisha kuvumiliana. Nadhani nimerithi kuvumilia huko kuliko nilivyorithi nyimbo zenyewe: kukaa na muziki wa mtu mwingine mpaka ufunguke.

Kwa hiyo Jumapili napika, nafungulia spika jikoni. Wimbo mmoja wangu, mmoja wake, kwa zamu, na hakuna ruhusa ya kuruka. Wiki iliyopita, zamu yangu ikiwa inaendelea, alinyamaza kidogo akauliza, "Baba, hilo gita la nyuma ni nani anapiga?"